Baiskeli Iliyonuka Kabati Jipya

Habari yenyewe ililetwa Keko, mtaa wa mafundi samani, na vibarua wa kushusha mbao, na aliyeifikisha uani kwa Mwanakombo alikuwa jirani yake, Mama Nurdin, siku aliyokuja na bakuli tupu kuomba chumvi.

"Mwanamke mwenzetu, shoga yangu, na kofia yake ngumu kichwani," alisema Mama Nurdin, bakuli kalishika kifuani. "Mlima wa Kisarawe umemkatia breki. Baiskeli ikamrusha, ikamrusha, mpaka juu ya mkorosho! Vibarua wamemwona kwa macho yao. Kakaa kwenye tawi, anatetemeka."

"Kafa?"

"Angekuwa kafa angetetemeka?"

Mama Nurdin alipata chumvi yake akaondoka. Habari ikabaki. Mwaka mzima ikabaki. Mwanakombo akikanda unga anamwona yule mwanamke kwenye tawi. Akifua anamwona. Mtu akitaja Kisarawe tu, hata kama ni habari ya harusi, yeye anauliza, "Na huo mlima wake je?"

Sasa Mwanakombo alikuwa na binti, Najat, kamaliza kidato cha nne na yuko nyumbani anasubiri matokeo. Mjomba wake Nassibu alimpa baiskeli ya gia, nyekundu, na Najat akajiunga na kikundi cha waendesha baiskeli kinachotoka kila Jumamosi asubuhi. Wiki za mwanzo walizunguka tambarare tu, Temeke, Mbagala, wakarudi kunywa madafu. Mwanakombo akavumilia. Halafu siku moja ya Desemba Najat akaingia jikoni anacheka.

"Mama, Jumamosi tunapanda Kisarawe! Jina langu limeshaandikwa."

"Likafutwe."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu ya yule wa kwenye mkorosho."

"Mama jamani! Wewe ulimwona?"

"Sijamwona na sitaki nikuone wewe. Huendi, na maneno yamekwisha."

"Mama, wewe unaogopaga kila kitu. Unaogopa mlima ambao hata hujauona. Na baiskeli yenyewe hujui ikoje."

Hapo ndipo Mwanakombo alipokosea. Aliweka mwiko chini, akajishika kiuno.

"Mie? Mie sijui baiskeli? Mie nimeendesha baiskeli kwetu Kimbiji kabla baba yako hajajua kama kuna mtu anaitwa Mwanakombo! Nimebeba samaki, nimebeba mdogo wangu, nimebeba mkungu wa ndizi. Mlima huo hata mie ningeupanda!"

"Basi panda," alisema Najat.

Mudathir, mume wa Mwanakombo, fundi samani, alikuwa kibarazani anakula. Akaacha tonge hewani.

"Mama Najat," alisema taratibu, "hapo umejifunga mwenyewe, na kamba ni yako."

Mwanakombo alimtazama mume, akamtazama binti. Angecheka tu yangeisha. Lakini yeye ni mtu wa pwani, neno likishamtoka mbele ya watu halirudishi kinywani.

"Sawa," akasema. "Jumamosi naenda mie badala yako. Nikiupanda mlima huo na kuushuka nikiwa juu ya baiskeli, jina lako linarudi, na utakwenda kila Jumamosi bila kuniuliza. Lakini nikigeuza njiani, baiskeli inarudi kwa mjomba wako na nisisikie tena habari ya Kisarawe humu ndani."

Najat akanyoosha mkono. Wakapeana.

Wiki ile Mwanakombo hakuwa mtu. Kila alfajiri alitoka na baiskeli mpaka kiwanja cha mpira, akazunguka, akazunguka. Kuendesha alikuwa hajasahau. Ila alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyeiona, hata yeye mwenyewe: hakuwa anagusa breki. Kimbiji mchanga ndio breki. Unaacha kukanyaga, gurudumu linazama, unashusha miguu, basi. Na kile kiwanja nacho kilikuwa cha mchanga. Kwa hiyo alijifunza wiki nzima na breki hakuzijua.

Ijumaa baada ya swala, Mudathir akaichukua baiskeli. Huyu si mtu wa maneno matamu. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, hajawahi kumwambia mkewe neno la kwenye simu za vijana. Yeye akikupenda, kitu chako anakipiga polishi. Basi akaipiga polishi baiskeli. Ile polishi ya makabati ya kopo la kahawia, ya wateja wa heshima. Akapiga fremu, akapiga usukani, akapiga spoki moja moja kwa kitambaa, akapiga na rimu za magurudumu kulia na kushoto mpaka unaweza kujitazama ukafunga ushungi. Akamaliza akasogea nyuma, akaitazama kama kitanda cha bibi harusi.

"Haya," akasema. "Hata ukiogopa, utaogopa umependeza."

Mwanakombo akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Jumamosi asubuhi Mudathir akaifunga baiskeli kwa maboksi na blanketi, kama wanavyofunga meza za vioo zisikwaruzike, akaipakia kwenye guta la matairi matatu la kubebea makochi. Mwanakombo akapanda mbele kavaa suruali ya mazoezi ya bintiye, gauni fupi juu yake, mtandio, na kofia ngumu juu ya mtandio. Begani kaning'iniza kimkoba cha kazini cha mumewe, hakikuwepo kingine. Tumboni mlikuwa na chapati tatu na chai ya maziwa, maana alijiambia safari ni ndefu. Chapati zile zilianza kumsema kabla hawajafika uwanja wa ndege.

Kikundi kilikutana Gongo la Mboto, watu kumi na moja. Kiongozi wao alikuwa Demetria, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mfupi, mpana mabegani, mwenyeji wa Kilimanjaro. Alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, dada. Wewe ndiye mama Najat? Binti yako ametupigia simu, anasema mama yake anakuja kuupima mlima kama nguo dukani."

"Nakuja kuuona tu."

"Utauona. Nao utakuona. Kwetu sisi hata kwenda kuomba moto kwa jirani ni mlima, kwa hiyo kaa nyuma yangu."

Kijana mrefu mwenye begi la spana mgongoni akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mie naitwa Ansbert. Kazi yangu ni kuwa wa mwisho. Hakuna mtu anayebaki nyuma yangu, hata atake. Ukichoka, nachoka na wewe."

Mwanakombo alitaka kumuuliza habari ya mkorosho hapo hapo, lakini aliona aibu. Wakaondoka.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Barabara inapanda polepole hujui kama unapanda, upepo wa asubuhi uko usoni, watoto pembeni wanapiga kelele, "Mama baiskeliii! Ongeza motooo!" Mwanakombo akaanza kutabasamu. Wakaipita Pugu. Kisha barabara ikashuka. Mteremko mdogo tu, kabla ya mlima wenyewe, na chini yake wenzake wa mbele walikuwa wamepunguza mwendo kupisha ng'ombe wanaovuka.

"Breki taratibu!" Demetria alipaza sauti.

Mwanakombo akabana breki. Hakuna. Akabana zaidi, vidole vikauma. Hakuna! Rimu zinapita kwenye mipira ya breki laini kabisa, kama droo mpya inavyoteleza. Ng'ombe wanakua. Mbele ya macho yake akauona mkorosho, akaliona na tawi lake, limeshaandaliwa.

"Yallah!" akapiga ukelele. "Mkorosho huoo!"

"Mkorosho gani mama?" Ansbert aliuliza kutoka nyuma.

Lakini mwili una akili yake. Kando ya barabara mtu alikuwa anajenga, na mbele ya nyumba kulikuwa na lundo la mchanga. Mikono ya Mwanakombo, iliyolelewa Kimbiji, ikageuza usukani yenyewe. Gurudumu likaingia mchangani, fwaaa, likazama, baiskeli ikasimama. Yeye akaketi juu ya lundo, miguu imenyooka mbele, kofia imefunika macho.

Demetria alikuja mbio. "Umeumia, dada?"

Mwanakombo akajipapasa magoti, viwiko, akavua kofia. "Nimekaa tu."

"Ulishukaje vile? Breki hukubana?"

"Nimebana mpaka kucha zimeingia ndani!"

Demetria akainyanyua baiskeli. Akazungusha gurudumu, akabana, gurudumu likaendelea kuzunguka kwa raha zake. Akainama karibu, akanusa. Akanusa tena.

"Ansbert, njoo unuse hapa. Mbona baiskeli hii inanuka kabati jipya?"

Ansbert akanusa. "Kabati la milango mitatu hili."

Mwanakombo akashika kichwa. "Baba Najat! Kaipiga polishi. Yote. Mpaka rimu."

Walicheka, jamani. Walicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo ng'ambo ya barabara akaja na kijiko chake kuuliza kuna nini, alipoambiwa naye akacheka. Lakini Mwanakombo alicheka kidogo tu. Alibaki amekaa kwenye ule mchanga, kofia kaikumbatia. Ansbert akaliona hilo, akachuchumaa pembeni yake.

"Mama, si aibu. Nikimpigia simu baba, atakuja na guta. Hakuna atakayekucheka."

Na kweli hakuna ambaye angemcheka. Angerudi Keko na mchanga kwenye gauni, angesema mlima umenishinda, na watu wote wangesema pole. Baiskeli ingekwenda kwa Nassibu. Najat angekaa ndani salama, na angekua, na siku moja angemwambia mtoto wake yeye mwenyewe: huendi, kwa sababu ya yule wa kwenye mkorosho. Mwanakombo akageuka akautazama mlima. Ulikuwa pale mbele, kijani, umetulia. Haujamfanya chochote. Aliyemwangusha ni kopo la polishi kutoka nyumbani kwake.

"Mlima wenyewe hata haujanisalimia," alisema, akajikung'uta mchanga. "Hiyo polishi inatokaje?"

Mama wa mihogo ndiye aliyejua. Akaleta majivu ya jikoni, sabuni ya kipande na maji ya ndoo. Wakasugua rimu watatu kwa pamoja, mpaka chuma kikaacha kuteleza kidoleni. Ikabaki mipira ya breki, imenywa polishi, inang'aa.

"Hii ingetaka msasa," Ansbert alisema. "Nimebeba spana zote ila msasa sina."

Mwanakombo akafungua kile kimkoba cha mumewe. Ndani mlikuwa na penseli nene ya kupimia mbao, misumari mitatu, na kipande cha msasa kimekunjwa mara nne. Akamkabidhi Ansbert. Mwanaume yule yule aliyeiharibu baiskeli kwa mapenzi, akaitengeneza na hayupo.

Msasa ukapita kwenye mipira. Demetria akamwambia, "Sasa isukume kwa mkono, halafu bana." Mwanakombo akasukuma, akabana. Baiskeli ikagoma papo hapo kama punda wa Kimbiji. Alisukuma akabana mara sita, kila ikigoma anasema "Ehee!"

Kisha wakaenda mlimani.

"Dada, nisikilize," alisema Demetria. "Gia unaishusha sasa, kabla ya mlima. Ukingoja mpaka katikati, cheni italia na wewe utalia. Na usitazame juu. Tazama mgongo wangu."

Mwanakombo akatazama mgongo wa Demetria. Mgongo ukapanda, naye akapanda. Mwanzoni alikuwa anapigana na pedeli, anasukuma kwa hasira, pumzi ikamwisha kabla ya kona ya kwanza. Chapati zikageuka upande wa pili. Lori la kokoto likapita na joto lake. "Gari limepita, mama, tuko peke yetu," Ansbert akasema nyuma, sauti yake imetulia kama yuko kwenye kochi.

Kwenye kona ya pili mguu ukaanza kuomba ardhi. Mwanakombo akasema moyoni, ngoja mpaka ile nguzo ya umeme. Nguzo ikafika. Basi mpaka ile nyingine. Halafu, asijue wazo limetoka wapi, akamkumbuka marehemu dada yake mkubwa, wanatwanga kisamvu kwenye kinu kimoja na michi miwili. Huu unashuka, ule unapanda. Hupigani na mchi. Unauacha ushuke kwa uzito wake, unapokea mwingine. Anayepigana anachoka kabla majani hayajalainika.

"Kumbe ni kutwanga," akasema kwa sauti.

"Nini mama?"

"Ni kutwanga tu huku, baba! Huu unashuka, ule unapanda!"

Na miguu ikaanza kutwanga. Twa, twa. Twa, twa. Hakwenda haraka, kuku angempita. Lakini alikwenda. Ansbert akaipokea, "Twa, twa!" na wale waliotangulia, walioshuka baiskeli kumngoja juu, wakasikia, wakaanza kupiga makofi kwa mdundo huo huo. Mgongo wa Demetria ukawa sawa badala ya kuwa juu. Mwanakombo akainua macho. Mlima ulikuwa umekwisha.

Alipiga kigelegele. Pumzi hakuwa nayo, kwa hiyo kilitoka kimepasuka katikati, lakini kilisikika mpaka bondeni.

Pale juu pana mikorosho, na msimu ule ilikuwa imejaa mabibo, mekundu na ya njano. Watu wakakaa kivulini. Mwanakombo akaitazama miti ile mmoja mmoja. Akaona sasa hata aibu haina kazi.

"Dada Demetria, nikuulize. Mwaka jana kuna mwanamke mlima huu ulimkatia breki, ukamrusha juu ya mkorosho. Ni upi?"

Ansbert alikuwa anakunywa maji, yakamtoka puani. Demetria akamtazama Mwanakombo, akautazama mti ulio nyuma yake, mdomo umeachama.

"Nani kakwambia?"

"Keko nzima inajua. Vibarua wa mbao walimwona anatetemeka."

"Mungu wangu!" Demetria akapiga paja. "Ni mimi! Nilikuwa nachuma mabibo!"

"Na kofia ngumu?"

"Kofia nilisahau kuivua! Nipo juu ya tawi, nanyoosha mkono, linapita lori la mbao, wanaume wamekaa juu ya mzigo. Mmoja akapaza sauti, we mama, umefikaje huko? Nami kwa utani nikamjibu: breki zimekatika! Halafu nikacheka mpaka tawi likatikisika."

Mwanakombo akautazama tena ule mti. Mwaka mzima. Mwaka mzima amekanda unga na yule mwanamke kwenye tawi, kumbe alikuwa anakula mabibo! Kicheko kilimpanda kutoka kwenye chapati zile zile, akacheka mpaka akalala chali kwenye majani, na machozi yakaingia masikioni.

"Ulininyima usingizi, wewe mwalimu," akasema. "Sasa nichumie na mie."

Kushuka alishuka juu ya baiskeli. Alibana, akaachia, akabana, akaachia, kama alivyofundishwa, na breki zililia kama mbuzi wa Idi njia nzima. Kwake ulikuwa muziki. Gongo la Mboto alimkuta Mudathir anangoja na guta lake na maboksi yake.

"Rudi na maboksi yako, Baba Najat," alimwambia bila kusimama. "Tutaonana nyumbani. Nina neno na wewe kuhusu polishi."

Akaingia Keko saa saba mchana, jasho limemchora ramani mgongoni, mabibo yananing'inia kwenye usukani. Mafundi wa barabarani walipomwona wakaacha kazi, mmoja akagonga ubao kwa nyundo, wa pili akagonga, mpaka mtaa mzima ukawa unagonga. Najat alitoka mbio, peku.

"Mama! Umeshuka juu ya baiskeli?"

"Nimepanda juu ya baiskeli, nimeshuka juu ya baiskeli. Muulize mwalimu wako wa kwenye mkorosho."

"Kwa hiyo jina langu…"

"Linarudi. Ila lisogee chini kidogo, la kwangu likae juu yake."

Najat akamkumbatia na jasho lake lote. Lakini mama ni mama. Kabla hata hajaoga, Mwanakombo aliomba karatasi ya daftari na ile penseli nene ya mumewe, akaandika, akaipigilia ukutani pale baiskeli inapoegeshwa kwa mmoja wa ile misumari mitatu. Iko pale mpaka leo, na majirani wenye watoto wanakuja kuinakili:

Usipige polishi wala mafuta kwenye rimu. Polishi ni ya makabati.

Usiondoke nyumbani kabla ya kusukuma baiskeli kwa mkono na kubana breki.

Usijifunzie mchangani tu. Mlimani hakuna mchanga.

Usile chapati tatu. Moja inatosha.

Usivae dera wala kanga inayoning'inia, cheni haina macho.

Usingoje katikati ya mlima ndio ushushe gia.

Usitazame juu. Tazama mgongo wa mwenzako.

Usipigane na pedeli. Twanga.

Usibane breki moja kwa moja mteremko mzima. Bana, achia.

Usimwache wa mwisho peke yake.

Usiende bila msasa.

Usimkataze mtoto kwa habari ya vibarua kabla hujaenda kuona mwenyewe.

Na ukiwa juu ya mkorosho, usifanye utani na watu wa lori.